Barua ya wazi kwa wanaoiongoza timu yetu ya kikapu ya chuo: tunaomba dakika nne za mwisho

Ndugu Kocha Mkuu,
Ndugu Mkurugenzi wa Michezo,
Nanyi makocha wasaidizi mnaokaa naye benchi moja,

Salaam kutoka safu ya juu kabisa, upande wa mlango wa kaskazini, tunakokaa sisi tunaolipia tiketi za msimu kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi.

Jumamosi iliyopita, saa ya uwanja ikionyesha dakika nne na sekunde chache, tukiwa mbele kwa pointi tisa, binti yangu wa miaka 12 alisimama akaanza kuvaa koti. Nikadhani anakwenda msalani. Nilipomuuliza, akajibu bila kunitazama: "Mama, twende tu. Sitaki kuona tena." Nikamkalisha. Nikamwambia timu iliyo mbele kwa pointi tisa haikimbiwi. Muda si mrefu, ingawa dakika nne za mwisho za kikapu cha vyuo hurefuka kama foleni ya Ubungo, tulikuwa tunashuka ngazi kimya, tumefungwa kwa pointi mbili. Mtoto hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mtoto wa miaka 12 ameshajifunza kwenu kwamba kuongoza kwa pointi tisa ni dalili ya msiba.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Chuo chenu kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo hamtakosa wa kuwasomea. Na ile safu ya juu mnayoisikia ikipiga makofi kwa mdundo wake imejaa Watanzania, Wakenya, Wakongo, na Warundi waliokulia kambi za Kigoma. Tunawashangilia kwa Kiswahili, na tukiumia tunaumia kwa Kiswahili.

Niseme pia mimi ni nani, msije mkadhani ni mtu aliyeweka dau akapoteza hela. Sijawahi kubeti na sitabeti. Nimekulia Tanga, nimecheza kikapu shuleni nafasi ya kugawa mipira, nikafika hadi UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Hapa Marekani ninahudumia wazee, zamu ya usiku, na tiketi hizi zinatoka kwenye saa za ziada.

Mapenzi yangu na kikapu cha vyuo vya Marekani yaliletwa na Hasheem Thabeet. Watanzania wa rika langu mtawasikia wengi wakisema hivyo. Kijana wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, amesimama chini ya kikapu cha Chuo Kikuu cha Connecticut akifagia mipira ya watu hewani! Machi 2009, kwenye mashindano ya Big East, umoja wa vyuo wanamocheza, pale Madison Square Garden, New York, Connecticut na Syracuse walicheza vipindi sita vya nyongeza. Sita. Walianza usiku wa Alhamisi wakamaliza Ijumaa, Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Niliutazama mchezo ule vipande vipande kwenye kompyuta ya intaneti kafe mjini Tanga, huku nikihesabu shilingi zangu kwa dakika. Timu ya kijana wetu ilifungwa, lakini nilitoka pale moyo umejaa, maana hadi sekunde ya mwisho watu wale walikuwa wanacheza. Miezi mitatu baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, na mimi nikawa nimeshanasa.

Kwa hiyo kufungwa nakufahamu. Ninachoshindwa kukizoea ni timu inayoacha kucheza yenyewe, kabla mpinzani hajailazimisha.

Kwa dakika 36 mnacheza kikapu cha kupendeza. Mpira unatembea, kila mmoja anaugusa, warefu wanashuka kukinga njia, wadogo wanakata kwenda kikapuni. Halafu zinafika zile dakika nne. Kocha, wewe husimama pembeni, unashusha kiganja chini mara mbili. Huko juu ishara hiyo tunaijua. Ikitolewa safu nzima inaguna. Kuanzia hapo mgawa mipira anasimama karibu na mstari wa kati, anaudunda mpira, wenzake wanne wanamtazama kama abiria wanaomngoja dereva. Saa ya kutupia, ile ya sekunde 30 ambazo timu lazima iwe imerusha, inashuka. Ishirini. Kumi na tano. Ikifika nane ndipo anaanza kwenda, na huko mbele wanamngoja wawili. Anarusha akiwa ameinama nyuma, mpira unagonga chuma, wapinzani wanaondoka nao. Zamu inayofuata ni hivyohivyo. Jumamosi nilihesabu zamu tano mfululizo za namna hiyo.

Hesabu yenu ninaielewa. Muda ukipungua, mpinzani anapata mipira michache ya kurudisha deni. Kwenye soka hesabu hiyo inalipa, na sisi wa Afrika Mashariki tunaijua vizuri: kipa anajilaza dakika ya 85, anafunguliwa glovu, anapewa maji, na saa inaendelea kutembea. Kikapu hakina dakika za bure namna hiyo. Faulo inasimamisha saa. Mpira ukitoka nje, saa inasimama. Ndani ya dakika ya mwisho hata kikapu kikifungwa saa inasimama. Anayejaribu kuua muda kwenye mchezo huu anakuwa amempa mwenzake kisu, kwa sababu mwenzake anaweza kuisimamisha saa kila anapotaka, kwa faulo. Ninyi mnahesabu sekunde mnazomaliza, hamhesabu pointi mnazoacha kufunga.

Jambo hili lina zaidi ya miaka 40. Tarehe 4 Aprili 1983, Albuquerque, fainali ya taifa. Houston walikuwa na Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos, na Clyde Drexler, na walivyokuwa wakizamisha mipira hapakuwa na timu ya chuo iliyoogopwa kama wao. Nusu ya kwanza walizubaa. Ya pili wakaamka, wakawapita North Carolina State, wakaongoza kwa pointi saba. Hapo kocha wao, Guy Lewis, akaamuru wapunguze mwendo. Timu iliyokuwa inakimbia kama moto wa nyika ikasimama, ikaanza kupasiana nje. NC State ya Jim Valvano ikapata pumzi, ikawachezea faulo makusudi ili waende kwenye mstari wa mitupo huru, ile ya adhabu ya pointi moja moja, na Houston wakakosa. Matokeo yakiwa 52 kwa 52, Houston walimpeleka mstarini kijana wa mwaka wa kwanza, akakosa naye. Mpira wa mwisho wa NC State ulirushwa kutoka mbali, ukapungua, Lorenzo Charles akaudaka hewani na kuuzamisha. 54 kwa 52. Olajuwon alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, akiwa upande ulioshindwa.

Tena angalieni: mwaka ule saa ya kutupia haikuwepo, iliingia kwenye vyuo msimu wa 1985-86. Lewis angeweza kuushika mpira dakika nzima bila refa kupuliza filimbi, na mpango ukamshinda. Ninyi mna sekunde 30 tu kwa kila zamu. Mnachokifanya ni kutupa sekunde 22 za kucheza ili mbaki na nane za kubahatisha.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Uwanja ukianza kuimba, nanyi mnaanza kulinda sifa.

Nije kwenye mpira wa kuingiza kutoka nje, ambao Jumamosi ulitupotea mara mbili katika dakika moja. Kikapu cha wanaume cha vyuo hakimruhusu mtu kuomba taimauti kisha kuuanzia mpira mbele kama wanavyofanya NBA. Ukifungwa, mpira unaanzia chini ya kikapu chako. Una sekunde tano za kuuingiza, una sekunde kumi za kuvuka mstari wa kati, na njia nzima watu wanakubana. Sehemu hiyo ndogo ya mchezo ndiyo inayoua timu. Machi 2016, huko Oklahoma City, Northern Iowa walikuwa mbele ya Texas A&M kwa pointi 12, zikiwa zimesalia sekunde 44. Pointi kumi na mbili, sekunde arobaini na nne! Wakashindwa kuuingiza mpira na kuutoa nyuma, wakaupoteza tena na tena, matokeo yakawa sawa. A&M wakashinda kwenye kipindi cha pili cha nyongeza, 92 kwa 88.

Au chukueni Aprili 5, 2025, nusu fainali ya San Antonio. Duke, waliokuwa na Cooper Flagg na Khaman Maluach, yule kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, walikuwa wameongoza kwa pointi 14 kwenye nusu ya pili. Zikiwa zimebaki kama sekunde 33, Houston wakafunga pointi tatu, pengo likabaki tatu. Mpira wa kuingiza wa Duke ukaibwa. Houston wakarusha, wakakosa, wakaufuata na kuuzamisha. Kisha Duke wakapata mitupo huru, wa kwanza ukakosa na wa pili ukapotea pamoja nao, maana ungetolewa tu kama wa kwanza ungeingia. Houston 70, Duke 67. Timu yenye vijana wa NBA waliokuwa wanasubiri siku tu, na ilibomolewa na pasi moja ya kuingiza na mtupo mmoja huru.

Kwa hiyo sisemi ni jambo linalowapata wajinga peke yao. Ninauliza kama mnalifanyia mazoezi. Jumamosi kijana aliyeushika mpira pembeni alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama benchi. Mtu mwenye sekunde tano hatakiwi kuwa anatazama benchi. Angetakiwa awe ameshajua, tangu Oktoba, nani anakimbia kumjia, nani anamkinga mlinzi, na kama wote wamebanwa mpira urushwe wapi.

Sasa mitupo huru. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili nililipata kwa uchungu.

Mwaka wangu wa mwisho shuleni, mechi ya kutafuta timu ya mkoa, nilisimama mstarini sekunde za mwisho, tuko nyuma kwa moja, nina mitupo miwili. Mazoezini nilikuwa nafunga kama mchezo. Siku ile nikakosa yote miwili. Nililia hadi shule. Mwalimu wetu wa michezo hakunipa pole wala hakunigombeza. Kesho yake alitupeleka uwanjani saa kumi jioni, jua la Tanga bado linachoma, akatukimbiza kutoka kikapu hadi kikapu mara kumi, akapuliza filimbi, akasema: tupa miwili. Kisha tena. Kisha tena. Akasema huko nyuma alikuwa anatufundisha mitupo ya watu waliopumzika, na mchezo haumpi mtupo mtu aliyepumzika. Mstari uko hatua zilezile, mita nne na nusu na kidogo. Kinachobadilika ni miguu, na mtupo huru unaanzia miguuni.

Nimekuja kuwatazama kabla ya mechi mara nyingi, kwa sababu huwa tunafika mapema. Vijana wenu wanatupa mitupo huru wakiwa wamesimama, wanacheka, wamevaa suruali za kupashia moto. Sijui ya siku nyingine, nasema nilichokiona. Na ninajua nilichokiona dakika ya 39: miguu haikunjiki, mpira unakwenda kwa mikono peke yake, unagonga chuma cha mbele. Chuma cha mbele kila mara. Mpira unaopungua ni mpira wa mtu aliyechoka. Woga unaupeleka popote.

Mnaijua Memphis ya 2008. Kama kuna mtu kwenye ofisi yenu haijui, mwonyesheni ile video asubuhi hii. Tarehe 7 Aprili, Alamodome, San Antonio, fainali dhidi ya Kansas. Memphis ya John Calipari, na Derrick Rose ndani, walikuwa mbele 60 kwa 51 zikisalia dakika mbili na sekunde 12. Msimu mzima watu walikuwa wameinyooshea kidole mitupo yao huru, waliyokuwa wakiifunga kwa takriban asilimia 61. Katika dakika moja na robo ya mwisho wakakosa minne kati ya mitano. Wakabaki mbele kwa tatu tu, na zikiwa zimebaki sekunde mbili na nukta moja, Mario Chalmers akafunga pointi tatu. Kwenye muda wa nyongeza Memphis walikuwa wameisha: 75 kwa 68.

Uwanja uleule, tarehe ileile ya 7 Aprili, miaka 17 baadaye, wale Houston waliomnyang'anya Duke walisimama fainali mbele ya Florida. Waliongoza kwa pointi 12. Walifungwa 65 kwa 63, na zamu yao ya mwisho haikupata hata mtupo mmoja. Mpira uliachwa udunde sakafuni mpaka saa ikalia. Siku mbili tu zilikuwa zimepita. Huwa nikikumbuka naumia na Houston wale kana kwamba ni watoto wa jirani, kwa sababu walikuwa timu iliyojua kumaliza, na bado ikawakuta.

Tofauti yetu na wao ni kwamba wao iliwakuta. Kwetu imehamia.

Uchovu niliouona kwenye mstari unatoka kwenye mgawanyo wenu wa dakika. Mgawa mipira wetu anacheza dakika 38, siku nyingine 39, na huyohuyo ndiye anayetegemewa azae kikapu peke yake sekunde nane za mwisho. Benchi lina vijana wanne ambao jasho halijawatoka. Mimi ni mtu wa zamu ya usiku. Ninajua kwamba mkono wangu wa saa kumi na moja alfajiri si mkono wangu wa saa tatu usiku. Saa zile za alfajiri ninasoma karatasi ya dawa mara mbili na kumwita mwenzangu aisome ya tatu, kwa sababu nimejifunza kuwa uchovu hautangazi umefika. Unakuachia ujiamini, kisha unakosea. Mpumzisheni kijana yule dakika tatu kila nusu. Tukifungwa vikapu viwili wakati amekaa, tutavumilia. Tumeshavumilia makubwa kuliko hayo.

Na sasa linaloniuma kuliko yote.

Kocha, baada ya mechi ulikaa mbele ya vipaza sauti ukasema vijana walikosa utulivu, kwamba ushindi unahitaji watu wanaoutaka. Kijana aliyekosa ile mitupo miwili alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwako. Ana miaka 19. Mimi nina mpwa wa miaka 19, bado ananipigia simu kuuliza namna ya kupika wali.

Mnafahamu vijana hawa wanaishi katika dunia gani. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango wa kubeti michezo mwaka 2018, kila mtupo wa kijana wa chuo una watu wasiomfahamu walioweka hela juu yake, na wakikosa wanamtafuta kwenye simu yake kumtukana, na wengine kumtishia. Hali ilifika pabaya hadi Machi 2024 rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Charlie Baker, akayaomba majimbo yazuie dau linalowekwa juu ya mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Katika dunia hiyo, neno la kocha likimwangukia kijana mmoja, linapokelewa na watu wa dau kama ruhusa. Ulipaswa kusema: mpango ulikuwa wangu. Maneno matatu tu, na yalikuwa kweli.

Nasi mashabiki tuna letu la kujibu. Jumamosi kuna watu wa safu ya chini, viti vya bei, waliomzomea kijana yule akiingia kwenye njia ya vyumba vya kubadilishia nguo. Nawaambia nao humuhumu kwenye barua hii: acheni. Aliyeshusha kiganja hakuwa yeye.

Ninajua mtakachojibu. Mtasema siku hizi timu ni mpya kila mwaka. Ni kweli. Tangu 2021 vijana wanahama chuo bila kukaa nje msimu, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Mimi kwa hilo nafurahi, watoto wale walifanya kazi ya bure kwa miaka mingi mno huku wengine wakijenga majumba. Lakini kama kikosi hakifahamiani, hiyo ni sababu ya kuanza mazoezi ya dakika za mwisho siku ya kwanza. Watu waliocheza pamoja miaka minne wanaweza kusomana macho. Waliokutana Juni wanahitaji mpango ulioandikwa.

Mtasema pia muda hautoshi, sheria zinawapa saa 20 kwa wiki msimu ukianza. Ninaomba dakika 15 kwa siku ya mazoezi. Wekeni ubao: dakika nne, tuko mbele kwa sita, wapinzani wana taimauti mbili, sisi moja. Chezeni. Kesho yake badilisheni: tuko nyuma kwa mbili, sekunde 11, mpira wetu chini ya kikapu chetu. Vijana wawe wamekimbia kwanza, kama tulivyokimbizwa Tanga.

Villanova walifanya hivyo. Tarehe 4 Aprili 2016, mjini Houston, walikuwa wamewaacha North Carolina wakarudi kutoka pointi kumi nyuma, na Marcus Paige akafunga pointi tatu za ajabu, matokeo yakawa sawa, sekunde 4.7. Mtu angetegemea waparaganyike. Ryan Arcidiacono akaupokea mpira, akavuka uwanja, akamwachia Kris Jenkins, aliyeuingiza mpira mwenyewe kisha akafuata nyuma bila mtu kumkumbuka. Jenkins akarusha, saa ikalia mpira ukiwa hewani. 77 kwa 74. Mchezo ule ulikuwa na jina lake, na walikuwa wanaufanyia mazoezi kila siku. Dunia iliona muujiza, wao waliona Jumanne ya kawaida ya mazoezi.

Na hamna haja ya kwenda mbali hivyo. Timu yetu ya wanawake inacheza kwenye sakafu hiyohiyo. Binti yangu anawapenda kuliko ninyi na siwezi kumlaumu. Wakiwa mbele dakika za mwisho wanaendelea kukata kwenda kikapuni, mpira unapita kwa wote watano, na mmoja akichoka anatoka kwa furaha maana anajua anayeingia atafanya kazi. Ofisi ya kocha wao, kama nilivyoonyeshwa siku ya wageni, iko upande wa pili wa korido yenu. Nendeni mkamuulize anaanza saa ngapi.

Siombi mtu afukuzwe. Kuna wenzangu safu ya juu wanaotaka barua hii iombe hivyo, nimewakatalia. Timu inayoweza kucheza dakika 36 kama mnavyocheza ninyi ina kocha anayejua kazi. Ninaomba ule mkono usishushwe tena. Ninaomba Jumatano, saa ikifika dakika nne na tukiwa mbele, mgawa mipira apate pasi akiwa anakimbia, warefu waendelee kushuka kukinga, na wa kwanza mwenye nafasi nzuri arushe, hata kama saa ya kutupia inasema 19. Ikikosa, ikose tukiwa tunacheza.

Jumatano sina zamu, nimebadilishana na mwenzangu. Tutakuwa palepale mlango wa kaskazini, mimi na binti yangu. Koti lake nitalikalia mimi.

Wenu,
Mama mmoja wa Tanga, safu ya juu